Ganzi ya Mgongo, Goti Bandia na Mkojo Unaokwama

Anayejiandaa kubadilishiwa goti huwaza maumivu, huwaza gharama, huwaza kama atapanda tena ngazi bila kushikwa mkono. Mkojo haumo katika hesabu zake. Usiku wa kwanza wodini ndipo unapojitokeza: kibofu kimejaa, mwenyewe hawezi kukojoa, na mwisho wake ni mpira wa mkojo ambao hakuna aliyemtajia. Madaktari wa usingizi wamebishana miaka mingi juu ya wa kulaumiwa. Wapo wanaosema ni ganzi ya mgongo yenyewe. Wapo wanaokinyooshea kidole kile kinachochanganywa nayo ndani ya bomba la sindano. Mimi niko upande wa hao wa pili, kwa sharti moja: si kila kinachochanganywa kina hatia, na hata chenye hatia bado kina mahali pake pa kazi.

Tuanze na kibofu. Kinapojaa, neva zinazotoka kati ya mwisho wa kifua na juu ya kiuno hukilegeza huku zikibana mlango wake. Wakati wa kumwaga, amri hugeuka: neva za chini kabisa ya uti wa mgongo, zile zinazoandikwa S2 hadi S4, hukaza msuli wa kibofu, mlango hufunguka, na kituo kidogo kwenye shina la ubongo huhakikisha mambo hayo mawili yanapishana vizuri. Ni pampu na koki chini ya fundi mmoja. Mtu mzima huanza kuhisi mkojo ukifika mililita 150 hivi, hubanwa ukifika 300, na kibofu cha kawaida hubeba kati ya 400 na 600. Kikivutwa kupita hapo kwa saa kadhaa, msuli wake unaweza kuchoka kiasi cha kushindwa kujikaza hata baada ya dawa kuisha.

Dawa ya ganzi ikiingia kwenye maji ya uti wa mgongo huzima njia hizo zote kwa dakika chache. Mgonjwa hahisi mkojo, wala kibofu hakina nguvu ya kuusukuma. Hilo halina ubishi. Ubishi unaanza tunapouliza litadumu muda gani, na hapa watafiti wa Uholanzi walifanya kazi ambayo naiona ndiyo msingi wa mjadala wote. Mwaka 1998, Kamphuis na wenzake walipima nguvu ya kibofu saa baada ya saa kwa wanaume waliochomwa ganzi ya mgongo. Waliopewa lidokeini walirudiwa na nguvu ya kibofu baada ya karibu saa 4. Waliopewa bupivakeini, dawa ambayo ndiyo tunayoitegemea Afrika Mashariki kwa akina mama wa upasuaji wa uzazi na kwa mifupa ya miguu, walisubiri karibu saa 8. Kibofu kiliamka pale tu ganzi iliposhuka hadi kwenye neva ya S3.

Jambo hili lina mtego wodini. Ganzi ya mgongo huondoka kutoka juu kwenda chini, na neva za kibofu ziko mwisho wa foleni. Mgonjwa anaweza kuwa ameshaanza kukunja goti na kuchezesha vidole, ndugu wakashukuru kwamba ganzi imeisha, kumbe sehemu inayohusika na mkojo bado imelala fofofo.

Sasa tuje kwenye nyongeza. August Bier alipofanya ganzi ya mgongo ya kwanza ya upasuaji huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1898, alitumia kokeini peke yake. Miaka mitatu tu baadaye, Mromania Racoviceanu-Pitești na Mjapani Kitagawa walikuwa wamekwisha kujaribu kuongeza dawa za jamii ya afyuni. Wazo hilo likalala miongo mingi. Liliamshwa na maabara: mwaka 1973 vipokezi vya dawa hizo viligunduliwa mwilini, mwaka 1976 Yaksh na Rudy wakaonyesha kwa panya kwamba dawa ya jamii ya afyuni inayowekwa moja kwa moja kwenye uti wa mgongo inaua maumivu, na mwaka 1979 Wang na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, wakawapa wagonjwa 8 wa saratani morfini ya mgongo, kati ya nusu miligramu na miligramu 1. Maumivu yalitulia kwa saa nyingi. Madaktari wa mifupa hawakuhitaji kubembelezwa. Goti bandia lina maumivu makali kuliko operesheni nyingi za mifupa, hasa siku mbili za kwanza, na hapa palikuwa na dawa inayoingia kwa sindano ileile ya ganzi na kumlaza mgonjwa hadi kesho yake bila kulia.

Gharama yake ilionekana mapema: kuwashwa mwili mzima, kichefuchefu, pumzi kupungua saa nyingi baadaye, na mkojo kukwama. Dozi zikaanza kushuka. Leo wengi hutaja maikrogramu 100 hadi 150, yaani sehemu ya kumi hivi ya dozi ya juu ya mwaka 1979. Pumzi imepata nafuu kubwa kwa kushusha huko. Kibofu hakikupata nafuu ya kiasi hicho, na sababu inastahili kuelezwa polepole.

Morfini haizimi neva kama bupivakeini inavyozizima. Inakaa kwenye vipokezi vya sehemu ya chini ya uti wa mgongo, inapunguza amri ya kukaza msuli wa kibofu, na wakati huohuo inafifisha hisia ya kubanwa. Kibofu kinalegea na mwenyewe hajui. Tena morfini hupenda maji kuliko mafuta. Ikishaingia kwenye maji ya uti wa mgongo hutoka humo pole pole, na nyingine hupanda kuelekea kichwani. Fentanili ni kinyume: hupenda mafuta, hunyonywa haraka na tishu zilizo jirani, hufanya kazi saa mbili hadi nne na kwisha.

Kundi lilelile la Uholanzi lilirudi mwaka 2004, safari hii likiongozwa na Kuipers. Walichukua wanaume 40 wenye afya waliojitolea, wakawapa dawa za jamii ya afyuni peke yake kwenye mgongo, bila ganzi yoyote, ili pasiwe na wa kusingiziwa. Waliopata sufentanili, ndugu yake fentanili, walirudia hali ya kawaida ya mkojo baada ya wastani wa saa 5 kwa dozi ndogo na saa 8 kwa dozi kubwa. Waliopata morfini maikrogramu 100 walingoja saa 14. Waliopata maikrogramu 300 walingoja saa 20.

Tazama namba hizo mbili za mwisho. Dozi ilishushwa hadi theluthi moja, muda ukapungua kwa saa 6 tu. Ndiyo maana sikubaliani na wenzetu wanaosema tatizo limekwisha kwa sababu siku hizi tunatoa morfini kidogo. Kidogo hicho bado kinakilaza kibofu kwa muda unaokaribia mara mbili ya bupivakeini.

Ukiweka muda huo kando ya kazi ya figo, picha inakuwa wazi. Kwa kanuni ya kawaida ya wodini, mtu hutengeneza mililita 1 ya mkojo kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Mzee wa kilo 70 hutoa mililita 70. Kwa saa 8 za bupivakeini tupu ni mililita 560: kibofu kimejaa, lakini kinaamka kabla hakijashindwa kuvumilia. Kwa saa 14 za morfini ni mililita 980. Ni kweli kwamba msukosuko wa upasuaji huamsha homoni inayopunguza mkojo, hivyo kiasi halisi kinaweza kuwa pungufu. Ni kweli pia kwamba dripu hukirudisha juu. Tofauti ya njia mbili hizo inabaki palepale: moja inaishia ukingoni, nyingine inavuka.

Nyongeza nyingine nitazipitia kwa haraka, kwa kuwa hazina uzito sawa. Fentanili ya maikrogramu 10 hadi 25 imetoka safi kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1997 Ben-David na wenzake, wakishughulika na wagonjwa wa kuchunguzwa goti kwa kamera, walichanganya bupivakeini ya miligramu 5 tu na fentanili ya maikrogramu 10. Ganzi ikawa imara kuliko bupivakeini hiyo peke yake, na kupona hakukuchelewa. Adrenalini ni mkosaji wa kimyakimya. Inabana mishipa ya damu, dawa ya ganzi inakaa muda mrefu zaidi, na mkojo unachelewa pamoja nayo. Kwa upasuaji mdogo wa goti sioni sababu ya kuiweka. Klonidini, inayopita njia tofauti na afyuni, ilipopimwa na Gentili na Bonnet mwaka 1996 ilikwamisha mkojo kwa wagonjwa wachache kuliko morfini, ila hushusha presha na kupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo si zawadi ya bure kwa mzee mwenye moyo dhaifu. Deksmedetomidini ni ya ukoo huohuo na sasa imeingia kwa kishindo kwenye majarida. Inarefusha ganzi, na kila kinachorefusha ganzi lazima kiulizwe habari za kibofu.

Pale wagonjwa halisi wanapohesabiwa, mambo huchafuka. Mapitio makubwa ya Baldini na wenzake mwaka 2009 yaliona mkojo kukwama baada ya upasuaji ukiripotiwa kuanzia asilimia 5 hadi 70. Pengo la namna hiyo halitokani na miili ya watu. Linatokana na watafiti kutokubaliana ni nini wanachohesabu. Mmoja anasema mkojo umekwama ukifika mililita 400 na mtu hawezi kukojoa. Mwingine anasema 600. Wa tatu anamhesabu kila aliyewekewa mpira, hata kama nesi aliuweka kwa kuchoka kusubiri. Na zipo hospitali ambazo kila mgonjwa wa goti huwekewa mpira kabla hajatoka chumba cha upasuaji. Huko mkojo haukwami kamwe, kwenye karatasi.

Wadenmaki walionyesha jinsi mstari unavyoweza kuumba tatizo. Katika utafiti wa Bjerregaard na wenzake uliochapishwa mwaka 2016, zaidi ya wagonjwa 700 wa nyonga na goti bandia waligawanywa kwa kura: nusu wawekewe mpira kibofu kikifika mililita 500, nusu wasubiriwe hadi 800. Kundi la kwanza, karibu mmoja kati ya watatu aliwekewa mpira. Kundi la pili, asilimia 13 tu. Maambukizi ya njia ya mkojo hayakutofautiana. Kwa hiyo sehemu ya wale wanaoitwa wagonjwa wa mkojo uliokwama walikuwa watu wanaohitaji muda kidogo zaidi. Lakini nisingeuchukua mstari wa 800 na kuupeleka popote. Unahitaji kipimo cha kibofu mara kwa mara na wauguzi wa kutosha. Bila hivyo, kusubiri hadi 800 ni kusubiri hadi 1,200 bila kujua.

Nani yuko hatarini zaidi? Mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba, na kwa umri wa wanaobadilishiwa magoti, hao ni wengi. Keita na wenzake huko Ufaransa, mwaka 2005, walitaja mambo matatu yaliyotabiri tatizo: umri wa zaidi ya miaka 50, dripu ya zaidi ya mililita 750 wakati wa operesheni, na kibofu chenye zaidi ya mililita 270 mgonjwa anapofikishwa chumba cha kuzindukia. Mawili ya mwisho yako mikononi mwetu. Kumwambia mgonjwa aende msalani kabla ya kupanda kitanda cha upasuaji hakugharimu kitu, na bado husahauliwa kila siku.

Kisha kuna dawa zinazokuja kufuta makosa ya dawa. Morfini inamwasha mgonjwa, anajikuna pua na kifua, mtu anamhurumia na kumpa Piriton au prometazini. Dawa hizo zina tabia ya kulegeza msuli wa kibofu. Kibofu kilichokuwa kinasinzia kwa morfini kinapewa blanketi la pili. Atropini inayotolewa mapigo yakishuka ina tabia hiyohiyo, na pia amitriptilini ambayo mgonjwa huenda anainywa nyumbani kwa maumivu ya muda mrefu na hakuna aliyeuliza.

Mazungumzo ya saa nne usiku huenda hivi:

“Shikamoo mzee. Umeshapata haja ndogo?”

“Marahaba, binti yangu. Bado. Wala sisikii mkojo.”

“Haya, ukisikia uniite.”

Nesi anaondoka. Hajakosea adabu wala hajavunja taratibu. Lakini amemwuliza mtu ambaye hisia yake imezimwa kwa makusudi, kisha akakubali jibu lake. Kwa mgonjwa mwenye morfini mgongoni, “sisikii mkojo” si habari njema wala mbaya. Haina habari yoyote. Kinachosema kweli ni mkono unaobonyeza juu ya kinena na kukuta uvimbe wa mviringo, au mashine.

Sasa upande wa pili wa mizani. Ukiiondoa morfini ya mgongo, maumivu hayaondoki nayo. Goti lisilotulizwa linamfunga mtu kitandani, na mwanamume kukojoa akiwa amelala chali ni kazi kubwa hata asiye na ganzi. Akipewa pethidini au morfini ya msuli kila baada ya saa nne, dawa hizo nazo hukwamisha mkojo, pamoja na kumlewesha. Kwa hiyo hoja ya kuacha morfini ina nguvu pale tu penye kitu cha kuziba pengo.

Na katika miaka 20 hivi kitu hicho kimepatikana. Mwaka 2008, Kerr na Kohan wa Sydney, Australia, walieleza namna ya kulijaza goti lenyewe, kabla halijafungwa, kwa mchanganyiko wa ropivakeini, ketorolaki na adrenalini. Daktari wa mifupa hufanya kazi hiyo mwenyewe, kwa sindano ya kawaida. Ikafuata ganzi ya neva katikati ya paja, inayochomwa kwa kuongozwa na altrasaundi, ambayo hutuliza goti bila kuulegeza sana msuli wa mbele wa paja, kwa hiyo mgonjwa anaweza kusimama siku hiyohiyo. Ukiongeza parasetamoli, dawa ya kutuliza uvimbe na deksamethasoni, faida inayobaki kwa morfini ya mgongo inakuwa ndogo. Kundi la wataalamu wa PROSPECT, katika mapendekezo yao ya goti ya mwaka 2022, wameisukuma morfini hiyo hadi pembeni: maikrogramu 100, kwa nadra, pale ambapo ganzi ya paja na ile ya kujaza goti zote haziwezekani.

Naona wamefika mahali sahihi, ingawa kuna jambo ambalo mapendekezo yaliyoandikwa Ulaya hayalazimiki kulifikiria. Huku kwetu, pale ambapo altrasaundi ya chumba cha upasuaji haipo au ropivakeini haipatikani, mgonjwa wa goti anaweza kujikuta kwenye hali hiyo ya “nadra” bila ajabu yoyote. Hata hivyo kulijaza goti kunaweza kufanywa kwa bupivakeini iliyochanganywa na maji ya chumvi, dawa zilizomo kwenye kabati la hospitali nyingi, mradi jumla ya dozi ihesabiwe pamoja na ya mgongoni. Ningeanza hapo kabla ya kuifikia morfini.

Atakayeifikia ajihadhari na hesabu. Kichupa cha morfini kilichozoeleka kina miligramu 10 katika mililita 1. Maikrogramu 100 ni sehemu moja ya mia ya kichupa hicho, tone dogo lisiloonekana vizuri kwenye bomba la kawaida. Wengi huchanganya mara mbili: kichupa kizima hujazwa hadi mililita 10, kisha mililita 1 ya hapo hujazwa tena hadi mililita 10. Sasa kila mililita ina maikrogramu 100. Anayesahau hatua ya pili ametoa miligramu 1, dozi ya juu ya mwaka 1979, na hapo mkojo si tatizo tena. Tatizo ni pumzi ya saa tisa usiku. Hatua hizo zifanywe na watu wawili, na morfini iwe ile isiyo na dawa ya kuhifadhi, kwa sababu vihifadhi havina kazi kwenye uti wa mgongo.

Kipimo cha kibofu hakihitaji mashine maalumu. Altrasaundi ya kliniki ya wajawazito inatosha: pima urefu, upana na kina cha kibofu kwa sentimita, zidisha vyote, kisha zidisha kwa 0.52. Kibofu cha 12 kwa 10 kwa 10 kina mililita 624. Mgonjwa huyo anahitaji kutolewa mkojo, na hapo ndipo aina ya nyongeza inapobadilisha uamuzi. Kama alipewa bupivakeini tupu, au yenye fentanili, na saa saba zimepita tangu achomwe, mpira wa kuingizwa na kutolewa mara moja utamtosha, maana kibofu kiko karibu kuamka. Kama alipewa morfini, mpira huo mmoja utamwaga mililita 624 za sasa na kuziacha za alfajiri. Ama utumike tena baada ya saa chache, ama uachwe hadi kesho yake asubuhi na kutolewa bila kuchelewa, kwa sababu kila siku unayokaa huongeza nafasi ya maambukizi, na mtu mwenye chuma kipya gotini hatakiwi kuwa na wadudu wanaotembea kwenye damu.

Nesi wa zamu ya usiku hawezi kufanya uamuzi huo kama fomu inayoshuka naye mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji imeandikwa “ganzi ya mgongo” na kuishia hapo. Anahitaji maneno matatu zaidi: nyongeza gani, dozi gani, saa ngapi.